Kumwandaa muuguzi awe mlezi wa wanafunzi wodini

Swali: Mimi ni muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya wilaya mkoani Dodoma. Tunapokea wanafunzi wa uuguzi na ukunga, wanafunzi wa utabibu na wakati mwingine watarajali, kutoka vyuo vitatu, na kuna zamu ambazo wauguzi wawili hujikuta na wanafunzi kumi na watano. Mganga mfawidhi ameniagiza niandae mafunzo ya siku mbili ili wauguzi wetu wawe walezi wa wanafunzi hao. Niwafundishe nini, na nitajuaje kwamba mafunzo yamefaa? Tena tunaye mkunga mmoja mwandamizi, hodari kuliko sisi sote, anayesema kwamba yeye alijifunza kwa kufokewa na haoni ubaya wake. Nimfanyeje?

Jibu: Sista, naomba nianze na hizo siku mbili, kwa sababu mafunzo mengi ya namna hii huharibikia hapo kabla hata somo la kwanza halijatolewa. Rudi kwa mganga mfawidhi, umwombe ruhusa ya kutozitumia siku hizo kwa mfululizo. Sababu ya kumpa ipo karibu nasi, katika Hospitali ya Haydom mkoani Manyara, ambako watafiti walifuatilia mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba watumishi waliopata mafunzo walifanya vizuri zaidi walipopimwa kwa mwanasesere wa mafunzo, lakini namna walivyowahudumia watoto halisi leba haikubadilika. Hospitali hiyo ilipoanzisha mazoezi mafupi ya dakika chache, ya mara kwa mara, palepale wodini, matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua. Mada ilibaki ileile, na kilichobadilika zaidi ni mahali pa kujifunzia na idadi ya marudio. Ikiwa hali ni hiyo kwa ustadi wa mikono, ambao ni rahisi kuuona na kuupima, ulezi wa mwanafunzi, ambao ni tabia ya kila siku, hauwezi kujengwa ukumbini kwa siku mbili.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: siku ya kwanza igawe iwe asubuhi mbili, katika wiki mbili tofauti, na siku ya pili uitawanye iwe nusu saa kila Jumatano kwa wiki kumi na mbili, mara baada ya makabidhiano ya zamu. Hesabu ni ileile, na gharama ya chai huenda ikapungua. Usiwaite wauguzi wote. Chagua sita au saba, na katika kuchagua usitazame miaka ya kazi peke yake; tazama ni nani anayenawa mikono hata pasipo mtu wa kumwona, na ni nani asiyerudishia kifuniko kwenye sindano iliyotumika. Mwanafunzi atafuata anachokiona kwa mlezi wake kuliko anachosoma chuoni, kwa hiyo mlezi mwenye mazoea mabaya atayapanda mazoea hayo katika zahanati nyingi ambazo wewe na mimi hatutafika.

Sasa nije kwenye kiini cha mafunzo yenyewe. Patricia Benner, muuguzi na mtafiti wa Marekani, alieleza mwaka 1984 hatua tano ambazo muuguzi hupitia kutoka ugeni hadi ubingwa, na jambo kubwa alilotuachia ni kwamba bingwa huitambua hali ya mgonjwa kwa jumla yake, haraka, bila kuhesabu hatua, na mara nyingi hawezi kueleza amejuaje. Hapo ndipo ugumu wa kazi yako ulipo. Wauguzi unaotaka kuwafanya walezi ni wale ambao maarifa yao yamezama mikononi na machoni, na mwanafunzi aliyesimama kando huona mikono ikienda bila kusikia fikra inayoiongoza. Ndiyo maana ukunga hodari hauleti ulezi hodari wenyewe tu. Somo la kwanza la walezi wako, na kwa maoni yangu somo linalostahili asubuhi nzima ya kwanza, ni kujifunza kusema kwa sauti kile wanachokifikiria wakati wa kazi.

Chukua mama aliyejifungua nusu saa iliyopita. Presha yake ni 110 kwa 70, mapigo ya moyo ni 112 kwa dakika, pedi imelowa na uso umepauka kidogo. Mkunga mzoefu anapita, anatupia jicho, anaweka mkono tumboni, anaanza kukanda mfuko wa uzazi na kuagiza dawa, yote kabla mwanafunzi hajamaliza kuandika presha na kuridhika kwamba ni nzuri. Mama amesaidiwa, lakini mwanafunzi hajajifunza chochote, au amejifunza jambo la hatari, kwamba presha ya 110 ni dalili ya usalama. Mlezi aliyefundika angesema huku mikono yake ikiendelea: “Mapigo yamenishtua. Msichana mwenye afya anapopoteza damu, moyo wake hukimbia kwanza, na presha hushuka baadaye sana, kwa hiyo siingoji presha. Sasa napapasa mfuko wa uzazi, naukuta laini, na huenda damu inatoka kwa sababu haujakaza.” Maneno hayo hayachukui hata nusu dakika wala hayacheleweshi huduma. Wape walezi wako visa vya namna hii kutoka wodini mwenu, viwe vitano au sita, wafanye mazoezi wawiliwawili, mmoja akitenda na kusema, mwingine akisikiliza na kumsimamisha kila anaporuka hatua. Utashangaa jinsi wanavyoruka, na wao pia watashangaa.

Wakishazoea kusema fikra zao, wafundishe kuichokoa fikra ya mwanafunzi. Mwaka 1992 Neher na wenzake, madaktari wa Marekani, waliandika utaratibu wa hatua tano unaofaa mahali penye kazi nyingi na muda mchache, na mimi nimeutumia kwa miaka bila kuuchoka. Mlezi kwanza humtaka mwanafunzi atoe uamuzi wake: “Wewe unasemaje, mama huyu yuko salama au hayuko?” Pili humuuliza ni kitu gani kilichomfanya aseme hivyo. Tatu humpa kanuni moja tu ya jumla, kwa mfano hiyo ya mapigo kutangulia presha. Nne humtajia alichofanya sawasawa, na tano humrekebisha alipokosea. Hatua ngumu kwa wauguzi wetu ni ya kwanza, kwa sababu tumezoea kuuliza maswali ya mtihani, kama vile “taja sababu nne za mama kutokwa damu baada ya kujifungua”, ambayo mwanafunzi anaweza kuyajibu yote huku akishindwa kumtambua mama anayetokwa damu mbele yake. George Miller, aliyeandika mwaka 1990 juu ya kupima umahiri wa madaktari, alitofautisha kujua, kujua namna, kuonyesha namna, na kutenda kweli kazini. Chuo kinaweza kupima ngazi tatu za chini, lakini hiyo ya nne huonekana wodini tu, na mwenye nafasi ya kuiona ni mlezi.

Kwa kazi za mikono, kama kuweka kanula, yaani mrija mdogo wa mshipani, au kumpumulisha mtoto kwa mfuko na barakoa, tumia hatua nne zilizoelezwa na Peyton mwaka 1998: mlezi hufanya kwa mwendo wa kawaida bila maelezo, hufanya tena polepole akieleza, kisha mwanafunzi hueleza huku mlezi akifanya, mwisho mwanafunzi hufanya huku akieleza mwenyewe. Sina mengi ya kuongeza hapo, ila hatua ya tatu isirukwe, kwa kuwa ndiyo inayomgundua mwanafunzi asiyejua kabla sindano haijawa mkononi mwake, na hatua hizo zote zianzie kwa mwanasesere au mkono wa bandia pale vinapopatikana.

Nitakaa zaidi kwenye mrejesho, maana unahusiana na mkunga wenu mwandamizi. Nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, katika hospitali ambayo sitaitaja, niliambiwa mbele ya mgonjwa na ndugu zake kwamba mikono yangu inafaa jembe, haifai sindano. Maneno yale nayakumbuka hadi leo, lakini sikumbuki kosa nililolifanya, kwa sababu hakuna aliyenieleza. Kwa wiki mbili baadaye nilikuwa najificha chumba cha dawa kila nilipoona trei ya kanula inaandaliwa. Mwaka 1983 daktari Jack Ende aliandika makala ambayo walimu wa tiba bado wanaisoma, akitenganisha mrejesho na hukumu: mrejesho ni taarifa anayopewa mtu kuhusu alichokifanya ili arekebishe safari inayofuata, ilhali hukumu ni kusema yeye ni mtu wa namna gani. “Umeingiza sindano kwa mwinuko mkubwa mno, ndiyo maana umetoboa mshipa upande wa pili, safari ijayo ilaze zaidi” ni mrejesho. “Huna umakini” ni hukumu, na mwanafunzi hana la kuifanyia ila kuibeba. Wafundishe walezi watoe mrejesho siku hiyohiyo, juu ya jambo walilolishuhudia kwa macho yao, jambo moja au mawili, mbali na mgonjwa, na wamalize kwa kukubaliana mwanafunzi atajaribu nini kesho. Pale usalama wa mgonjwa unapohitaji kosa lizuiwe papo hapo, mlezi aseme “simama” kwa sauti tulivu, achukue kazi mwenyewe, na mazungumzo yafuate baadaye. Tena wasidhani kwamba upole maana yake ni kusifu tu. Mwanafunzi anayeambiwa “vizuri, vizuri” mwezi mzima ameachwa peke yake sawa na yule anayefokewa.

Kuna suala la lugha ambalo halitajwi sana katika miongozo, nami nimeona mara nyingi linavyotupotosha. Wanafunzi hawa hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, mazungumzo ya wodini ni Kiswahili, na baadhi ya kina mama na bibi wanaowasindikiza kutoka vijijini huongea Kigogo au Kirangi kwa wepesi zaidi kuliko lugha nyingine yoyote. Mwanafunzi anayekaa kimya kwenye raundi huhesabiwa kuwa hajui, kumbe anatafuta maneno. Mlezi amruhusu ajieleze kwanza kwa Kiswahili, ajue kama fikra ipo, ndipo amsaidie kuiandika kwenye faili kwa istilahi zinazotakiwa.

Asubuhi ya pili iwe na sehemu inayomhusu mama mwenyewe. Mgonjwa si kifaa cha kujifunzia, na mama aliye katika uchungu, akiwa amezungukwa na vijana sita wanaongoja zamu ya kumpima njia ya uzazi, anadhalilishwa hata kama hakuna anayekusudia kumdhalilisha. Walezi wafundishwe kumtambulisha mwanafunzi kwa jina na kwa ngazi yake, kuomba ridhaa kabla ya mwanafunzi kugusa, kuikubali hapana ya mama bila kumnunia, na kuhakikisha kwamba kipimo cha njia hakirudiwi kwa ajili ya somo tu. Jambo hili lisipangwe mwishoni mwa ratiba, wakati watu wameshaanza kutazama saa.

Baada ya hapo lije suala la saini, na naomba usilipite kwa haraka. Kila mwanafunzi huja na kitabu cha mafunzo kwa vitendo, na wewe unajua kama mimi ninavyojua kwamba vitabu hivyo huletwa vikiwa rundo siku ya mwisho, vikatiwa saini mezani na mtu ambaye huenda hata hakuwa kwenye zamu. Mtafiti wa Scotland, Kathleen Duffy, alionyesha mwaka 2003 kwamba walezi wa wanafunzi wa uuguzi huwapitisha wanafunzi wanaowatilia shaka, kwa sababu ya huruma, kwa kuchelewa kusema, na kwa kukosa ujasiri wa kuandika walichokiona. Mimi pia nimefanya hivyo. Nilimtilia saini mwanafunzi mpole, mwenye bidii, aliyekuwa na msiba nyumbani kwao, kwamba anaweza kutumia patografu, ile chati ya kufuatilia mwenendo wa uchungu, ilhali sikuwahi kumwona akiitumia kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwaka mmoja baadaye nilimkuta kwenye zahanati, akifanya zamu ya usiku peke yake, akaniambia kwa unyofu kwamba patografu bado inamchanganya. Wengi wa wanafunzi wako wataishia mahali kama hapo, ambako hakuna wa kumuuliza na rufaa hadi Dodoma mjini ni safari ndefu, tena mbaya zaidi wakati wa masika. Saini yetu ndiyo iliyowapeleka huko.

Dawa yake ni utaratibu zaidi ya mahubiri. Saini itolewe siku hiyohiyo ya tendo, na aliyeliona tendo, tarehe ikiandikwa, asiyeona asitie. Shaka juu ya mwanafunzi iandikwe katikati ya kipindi na mkufunzi wa chuo apigiwe simu wakati bado kuna muda wa kumsaidia. Uingereza iliamua mwaka 2018 kuitenga kazi ya kumsimamia mwanafunzi kila siku na kazi ya kumpitisha, ili anayemlea asilazimike kuwa pia hakimu wake. Sisi hatuna watu wa kutosha kuiga mpango huo wote, lakini hata wodini kwako inawezekana mlezi mmoja akafundisha na mwingine, au wewe mwenyewe, ukamtazama mwanafunzi siku ya uthibitisho.

Kuhusu wanafunzi kumi na watano kwa wauguzi wawili, nisikufiche: hakuna mafunzo ya ulezi yatakayotibu tatizo hilo, na ukiwafundisha walezi halafu ukawaacha na umati ule, watakata tamaa kabla ya mwezi kuisha. Kabla ya asubuhi ya kwanza, wewe na mganga mfawidhi mketi na waratibu wa vyuo vyote vitatu kwa pamoja, muweke ukomo wa wanafunzi kwa zamu, mkubaliane wengine waende kliniki ya wajawazito, chanjo, wodi ya watoto na zamu za jioni, na kila chuo kitume mkufunzi kwa siku zinazojulikana. Jina la mlezi na jina la mwanafunzi wake vikae kwenye ratiba ya zamu ubaoni, kwani mwanafunzi aliyekabidhiwa kwa wote hana mtu. Na vyuo vieleze kwa maandishi wanafunzi wao wamefikia wapi, ili wa ngazi ya 4, anayeanza, asitazamiwe kufanya kazi ya wa ngazi ya 6, anayekaribia kuhitimu, wala wa ngazi ya 6 asiishie kupima joto na kupeleka sampuli maabara.

Utaulizwa habari za posho. Usikasirike ukiulizwa, maana ulezi ni kazi ya ziada na wauguzi wako wamechoka kwa haki. Ikiwa fedha hazipo, sema wazi kwamba hazipo, kisha ulizia kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga namna ya kuyatambua mafunzo haya katika pointi za mafunzo endelevu zinazohitajika wakati wa kuhuisha leseni, uviombe vyuo vitoe barua rasmi za utambuzi, na upange zamu ili mwenye wanafunzi apunguziwe wagonjwa wawili watatu. Hilo la mwisho ndilo wanalolithamini zaidi.

Umeuliza utajuaje kama mafunzo yamefaa. Vyeti na sahihi za mahudhurio viweke kwenye faili, lakini usivitegemee. Mara moja kwa wiki kaa dakika kumi kwenye kona ya wodi, utazame na kuandika: je, mlezi alisema fikra yake kwa sauti? Je, alimuuliza mwanafunzi uamuzi wake kabla ya kumpa jibu? Je, mama aliombwa ridhaa? Kisha mwisho wa zamu mchukue mwanafunzi mmoja, umuulize mlezi wake leo alikuwa nani, ameambiwa afanye nini tofauti kesho, na ni tendo gani alilifanya akitazamwa tangu mwanzo hadi mwisho. Fanya hivyo wiki mbili kabla ya mafunzo pia, upate cha kulinganisha. Zile nusu saa za Jumatano zitumie kuwarudishia walezi ulichokiona, kwa namna ileile unayotaka wao wawarudishie wanafunzi.

Na huyo mkunga wenu mwandamizi, Sista, usimwache nje ya mafunzo, wala usimweke ndani kama mfano wa kosa. Mwite faragha kabla ya yote, kwa heshima inayomstahili, umuulize maswali mawili: ni nani aliyemfundisha kazi vizuri kuliko wote, na alifanya nini hasa. Nimewauliza wakunga wengi wa rika lake maswali hayo, na sijakutana na mmoja aliyenitajia mtu wa kumfokea. Hutaja yule aliyebaki naye usiku, akamwekea mkono juu ya mkono wake tumboni mwa mama na kumwambia “sikia hapa, hiki ni kichwa”. Akikusimulia hayo, mwombe awe wa kwanza kuonyesha, katika asubuhi ya kwanza, namna anavyomtambua mama anayetokwa damu kwa kumtazama tu, na wewe ukae karibu naye kama mwanafunzi, ukimuuliza kila hatua: “Umeona nini, mama, hata ukaweka mkono hapo?”